Anza na Baya

Masoudi mwanangu,

Jana baada ya magharibi uliniuliza, "Baba, macho yako hayajambo?" nami nikakujibu kuwa hayajambo. Si kweli. Macho yangu yanakufa. Daktari wa Msambweni ameyatazama, akayatazama tena, akaniambia kuwa mshipa ulio nyuma ya jicho unanyauka na hana dawa yake, wala hajui pengine pa kunipeleka. La kushoto limekwisha. La kulia naona mbele tu, mfano wa mtu anayechungulia ndani ya mwanzi, na kandokando ni kiza. Nalo litafunga, leo au mwakani, Mungu ndiye ajuaye. Ile chai niliyoimwaga mkekani nikamsingizia paka, sababu ilikuwa ni macho. Paka wa watu hakufanya kitu.

Nimeanza na baya, bila ya salamu. Najua si adabu. Babu yako angeletewa barua ianzayo hivi angemrudishia mwenyewe ajifunze kuandika. Lakini nina sababu, na nitakueleza.

Naandika mchana, hapa kibandani kwenye ule uwanja wa ndege, kwa kuwa taa hainisaidii tena. Herufi nimezifanya kubwa kama za mtoto wa chuo cha Kurani, usinicheke. Ningeweza kukuita tukaketi tukazungumza, lakini najijua. Ukinitazama usoni ukaniuliza tena, mdomo wangu utajibu "njema" kabla mimi mwenyewe sijasema lolote. Kalamu angalau hunipa nafasi ya kufikiri. Jioni nitakupa barua hii mkononi, uisome kabla hujalala, maana ukishaisoma ndipo utakapojua kama kesho wapanda basi la Likoni ama hupandi.

Jambo lenyewe ni hili. Masheikh wana yao ya kusema, lakini kwetu Wadigo wajua mtoto ni wa mjomba wake kuliko wa babake. Mimi nimekulea, nimekupeleka chuoni na skuli, ila ruhusa ya wewe kwenda Nairobi kujifunza ndege si yangu. Ni ya mjomba wako Rashidi, kaka wa marehemu mamako. Aliposhuka kutoka Mkongani juzi kuja kukuombea dua, aliniketisha kando akaniambia kuwa kama mimi ni mzima, mtoto aende na baraka zake. Kama ni mgonjwa, mtoto abaki, kwa kuwa hataki watu waseme mpwa wake alimwacha babake akihangaika. Akaniuliza, "U mzima?" Nikamwambia mimi mzima, tena nikajipiga kifua kama kijana. Akacheka, tukala. Basi ruhusa yako yote imesimama juu ya neno langu moja la uongo.

Habari za kuswali kwa wakati, kuvaa koti kwenye baridi na kutowaamini watu wa stesheni, shangazi yako Mwanajuma amekwisha kukuchosha nazo, nami sitaziongeza. Mimi nataka kukueleza habari ya Kapteni.

Wewe ulimjua akiwa kilema, mzee wa fimbo na kofia ya ukindu, anayekuuliza maswali ya hesabu barazani kwake Diani. Mimi nilimjua mzima. Nilikuwa nakata miwa Ramisi wakati huo, mgongo unaniuma hata nalala kifudifudi, aliposimamisha gari lake kando ya barabara akauliza ni nani ajuaye kufyeka kiwanja cha ndege bila kuacha visiki. Nikasema mimi. Sikuwa najua kuliko wenzangu. Nilikuwa nimeichoka miwa, basi.

Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, lakini salamu alikuwa nazo zote, na alizipenda kupita kiasi. Alikusalimia wewe, mkeo, watoto, kuku na shamba, na kila moja alitaka jibu lake. Wakataji miwa walikuwa wanampita kwa mbali ili wasichelewe kazini. Mimi nilimpenda kwa hilo. Mzungu mwenzake wa mle shambani alikuwa akituita kwa kupiga mluzi.

Alirusha ndege vitani, kisha akawa nahodha wa ndege kubwa za abiria. Alikwenda Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam, na safari nyingine alivuka Misri hata Ulaya, akilala mji huu leo na mji ule kesho. Alinionyesha koti lake la kazi siku moja, lenye mistari ya dhahabu mikononi. Nondo walikuwa wamelila mgongoni. Nikamwuliza mbona mtu mwenye koti kama hilo akaja kukaa na sisi huku kwenye nyasi. Hakunijibu siku ile. Akanijibu baada ya muda mrefu, tukiwa tumekaa chini ya bawa la ndege tunangojea mvua ipite. Akasema, "Omari, abiria wote wakishuka wana watu wa kuwapokea. Mimi nashuka wa mwisho, nachukua mkoba wangu, nakwenda hotelini. Hakuna anayeniuliza habari za safari." Ndipo akaona bora kufundisha. Mwanafunzi, hata akiwa mjinga, huwa yuko kando yako na anasema nawe.

Mkewe alikuwa amemwacha zamani. Watoto hakuwa nao. Nilipokuwa nikimpelekea samaki nyumbani, alikuwa haniachi kuondoka. Angetafuta jambo la kunionyesha, picha, ramani, msumari uliokaa vibaya mlangoni, ili nikae kidogo zaidi. Mimi nilikuwa na haraka. Nilikuwa na mke nyumbani na wewe ulikuwa mdogo, na nilimwona mzee huyu ni msumbufu. Sasa namwelewa vizuri sana. Juzi muuza mkaa alikuja kuuliza njia, nikamweka barazani hata adhuhuri.

Aliwafundisha wenye mashamba na wake zao kurusha ndege. Chini alikuwa mpole, akishaingia ndani ya ndege alikuwa mkali. Kazi yangu ilikuwa uwanja. Alfajiri niliupita wote kwa miguu, kutoka upande wa miwa hata upande wa mikoko. Niliwafukuza ng'ombe waliovuka ua, nikapandisha mlingotini ule mfuko mwekundu wa kuonyesha upepo, nikatafuta mashimo. Mhanga huchimba usiku akitafuta mchwa, na shimo lake moja laweza kuvunja gurudumu. Nikishamaliza, nilikwenda kusimama kando ya bawa. Kapteni, kabla ya kuwasha injini, aliniuliza, "Habari za kiwanja, Omari?" Nami nilijibu, "Njema, bwana." Kisha, kama pana jambo, nilimwambia: ila ng'ombe wako upande wa mikoko, ila mfuko umechanika. Ndivyo tunavyosema watu wa pwani. Hata nyumba ikiungua, mtu akikuuliza habari huanza na njema, halafu ndipo unapomwambia kuwa nyumba imeungua. Yeye alilijua hilo. Alingoja, akasikiliza ile "ila", kisha akawasha. Tulifanya hivyo kwa miaka.

Mara moja alinipandisha. Ilikuwa siku isiyo na mwanafunzi. Nilifumba macho tulipoondoka chini, nakuambia kweli, nikasoma kila aya niliyoijua. Nilipofumbua niliona Funzi imelala majini na mikoko yake, niliona moshi wa kiwanda cha Ramisi, nikaona milima ya Shimba kwa mbali, na tulipogeuka nikaiona nyumba yetu. Mamako alikuwa uani anatwanga. Nikamwita. Mjinga gani humwita mtu kutoka juu kule? Nikamwita hata hivyo, kwa sauti kubwa, na Kapteni akacheka mpaka machozi. Mamako hakuinua kichwa. Aliendelea kutwanga, nasi tukapita. Jambo hilo lilinikaa moyoni wiki nzima, wala sikumwambia. Nilimwona akiishi bila mimi, na hakuwa na upungufu wowote.

Sasa siku yenyewe. Watu wamekusimulia, najua, na kila mmoja kwa namna yake. Sikiliza ya kwangu.

Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha. Alfajiri nikakuta shimo la mhanga kule mwisho wa uwanja, pale ndege inapokuwa na kasi karibu kuachana na ardhi. Nikalifukia, nikalikanyaga, nikaweka matawi na udongo tena. Lakini udongo ulikuwa mbichi, haukushika. Dawa yake ilikuwa kungojea kutwa nzima likauke, au kuanzia mbio upande mwingine. Nilikuwa na neno hilo tayari mdomoni.

Mwanafunzi alikuwa memsahabu mmoja, mke wa mwenye shamba la mkonge, na walikuwa wamechelewa. Upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Kapteni akawasha injini kwanza, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na akaniuliza akiwa amekwisha kuketi, kwa kupiga kelele. "Habari za kiwanja?" Nikajibu, "Njema, bwana!" Nikavuta pumzi nimwambie ila. Akaninyoshea kidole gumba, na injini ikanguruma, ikalimeza neno langu.

Nilikimbia. Nilikimbia nyuma ya ndege nikipunga mikono yote miwili na kuita. Memsahabu akageuka, akaniona, akanipungia mkono wa kwaheri.

Gurudumu liliingia pale pale. Ndege ikainamia pua, ikapinduka, na nilipofika pangaboi lilikuwa limejikunja na petroli inachuruzika. Memsahabu alitoka mwenyewe, mdomo umechanika kidogo. Kapteni tulimvuta mimi na watu wa miwa, naye analalamika kwa lugha yao, kisha akanyamaza, nikadhani amekufa. Nyonga ilikuwa imevunjika na mgongo umeumia. Tangu siku ile hakurusha tena ndege, wala hakuruhusiwa kumfundisha mtu.

Nilikwenda kumwona hospitali akiwa amefungwa tangu kiuno hata mguu. Nilisimama mlangoni nimeshika kofia. Akaniita nikae. Kisha akaniuliza, "Omari, ulikuwa na la kusema?"

"Nilikuwa nalo, bwana."

"Mbona hukulisema kwanza?"

Ningemwambia nini? Kwamba kuanza na baya ni utovu wa adabu? Kwamba mama yangu angenipiga kofi? Nilitazama sakafu. Yeye akasema kwamba na yeye alikosa, alipenda salamu zetu lakini siku ile hakuwa na wakati wa kungoja mwisho wake. Hakunitukana wala hakuniambia kuwa amenisamehe. Tukanywa chai ya hospitali, na nilipoinuka akanishika mkono akanizuia kidogo, kama ilivyokuwa desturi yake.

Hapa kijijini watu walinitetea. Wako waliosema kosa ni la mzungu, kwa haraka yake. Wengine wakasema imeandikwa. Nilichukia yote mawili. Hasira zangu mnazijua, niligombana na nusu ya msikiti. Nilichotaka ni mtu aniambie, "Omari, ungesema shimo kwanza," kisha anyamaze. Mamako peke yake ndiye aliyeniambia hivyo, akiwa anachambua mchele, bila hata kunitazama. Nikapata nafuu.

Kapteni alikaa Diani muda baadaye, hawezi kufanya lolote, akingojea watu wapite. Wewe ulikuwa umeanza kumwendea kwa hesabu. Kabla hajapanda meli kurudi kwao aliwaandikia wenzake wa zamani kule Nairobi habari zako, na alinieleza alichosema: kwamba kuna kijana huku mwenye kichwa cha injini, wamchukue afunzwe ufundi, na siku itafika ambapo vijana kama huyu hawataishia kushika spana, watashika usukani. Aliniambia, "Mfundishe jambo moja tu kabla hajaondoka. Mtu akimwuliza habari akiwa kazini na ndege, aanze na baya. Mafuta kidogo, boliti imelegea, upepo umegeuka. Salamu baadaye." Nikamwahidi. Miaka imepita sijakufundisha, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwa nimejifunza.

Na hapa nataka kusema juu ya mamako, na nitasema upesi kwa kuwa nikikawia nitaiacha kalamu. Alipoanza kuugua wewe ulikuwa bwenini Mombasa. Kila mtu aliyekuwa akivuka Likoni nilimpa salamu zako, na kila mara nilimwambia akwambie mama hajambo, ana homa kidogo tu. Mwenyewe alikuwa ananiuliza, "Umemwambia mwanangu?" Nami nikamjibu nimemwambia. Nilidhani atapona. Nilidhani una mtihani. Nilidhani nikitamka neno lenyewe litakuwa kweli. Ulifika siku ya mazishi, umeshika mkoba wa vitabu, na uliniambia neno moja, "Mngeniambia." Tangu hapo hujalirudia, umekuwa mwana mwema, waniamkia kila asubuhi, wanichotea maji. Lakini mimi nalisikia kila siku. Ungewahi kumwona, Masoudi. Palikuwa na siku za kutosha, na nilizimaliza mimi kwa kukuambia njema.

Watu huniona mchangamfu, mzee wa mzaha, hodari wa kujibu. Wakiniuliza "Mzee Omari, wakaaje?" nawaambia nakaa kama sultani, wanacheka wanapita. Wakishapita nahesabu mbavu za dari. Nyumba hii tangu mamako kuondoka ina sauti yako wewe tu. Shangazi yako yuko nyumba ya pili, ni kweli, na atanipikia, na atanisema mpaka nishibe kabla ya chakula. Lakini si sauti ya ndani ya nyumba.

Nilitaka kuimalizia barua hapa na kukuachia wewe uamue kumwambia mjomba wako ama kumficha. Nimeisoma tena tangu mwanzo, pua imegusa karatasi, na nimejionea haya. Ningekuwa nimekutupia mzigo wangu uubebe wewe usiku wa kuamkia safari. Ngoja niende nyumbani kwanza, mjomba wako bado yuko.

Nimerudi. Jua limekwisha kuinama na lazima niandike haraka.

Nilimkuta Rashidi barazani anasuka kamba ya makumbi. Sikuketi. Sikumwamkia. Nilimwambia, "Rashidi, macho yangu yanakufa. Nilikudanganya." Akaweka kamba chini. Akainuka, akapitisha mkono upande wangu wa kushoto, na mimi sikujua kuwa kuna mkono mpaka ulipogusa shavu langu. Nilidhani atanikemea, maana ni mkali kuliko mimi, lakini alikaa chini tu kwa uzito. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia. Akaniuliza ni nani mwingine ajuaye. Nikamwambia daktari.

Akasema neno lake nililisikia siku ile, naye hana desturi ya kulirudisha: babako mgonjwa haachwi. Nikamwambia nalijua. Nikamwambia afikiri basi mtoto abaki afanye nini? Akate miwa Ramisi mchana, jioni anishike mkono kunipeleka msikitini, na kila atakaponishika nitajua mkono ule ulikuwa uende ukafanye kazi gani. Nikasema mengi. Wajua nikianza. Nikamtolea habari za Nairobi, za mshahara, za siku ambayo vijana wetu watarusha ndege wenyewe, na yeye ananitazama tu.

Nilipochoka akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe mwenyewe, Omari, wataka nini?"

Hakuna aliyeniuliza hivyo tangu mamako alipokufa. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la siku zote, kwamba mimi sina neno, mimi hali zote ni sawa. Nililiona linakuja. Nikalizuia kwa meno.

"Nataka abaki," nikasema.

"Rudia."

"Nataka abaki. Nataka sana. Usiku silali mpaka nimsikie akigeuka kitandani chumba cha pili. Naogopa, Rashidi. Naogopa kiza, na naogopa kukaa ndani yake peke yangu."

"Basi abaki."

"Aende," nikasema.

Alichukua kamba yake, akaisuka kidogo, akaifumua. Kisha akasema kwamba katika miaka yote tuliyojuana hii ndiyo mara ya kwanza nimempa jambo zima, si nusu yake, na kwa hiyo hatalikata yeye. Ruhusa ameiacha wazi. Alfajiri atakuwa barazani. Ukitoka na sanduku lako atakusindikiza barabarani na atakuombea dua pale pale. Ukitoka mikono mitupu atakupokea vilevile, na hakuna atakayekuuliza.

Basi mwanangu, umejua yote, na hakuna kilichobaki nyuma yake. Usiku huu utaniona nimelala nimeelekea ukutani. Sitakuwa nimelala. Usije ukaniuliza kama nitakuwa salama, maana jibu nimekwisha kulitoa kwa mjomba wako nami nalitoa kwako: sitakuwa salama. Nitajikwaa, nitachoma vidole, nitaliita jina lako asubuhi kabla sijakumbuka kuwa hupo. Itakuwa hivyo siku nyingi, na wewe utakuwa mbali, unajifunza, na mara nyingine utakuwa umenisahau kutwa nzima, na ndivyo itakiwavyo. Nataka ubaki, Masoudi. Panda basi.

Babako,
Omari Salimu